Kizuka na Rejista ya Windows

Ukitaka kujua namna ya kubadilisha kitu katika rejista ya Windows, kabla hujafundishwa lolote utatishwa kwanza. Usiguse kama hujui unalofanya. Weka nakala ya kila kitu. Kama wewe ni mtumiaji wa kawaida, mpe fundi. Nimeyasoma maonyo haya hata nayajua kwa moyo, na kila nikiyasoma nauliza jambo moja: aliyeyaandika amewahi kukaa kizuka?

Hakuwahi, najua. Kizuka ni mwanamke aliyefiwa na mumewe, anakaa eda miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba, hatoki bila ya dharura, hajipambi, na mwanamume asiye maharimu wake hana ruhusa ya kuja kukaa naye. Fundi wa kompyuta hapa Chake, Pemba, ni mwanamume. Mafundi wote ninaowajua mimi kisiwa hiki ni wanaume. Anayeniambia nimpe fundi angenieleza pia nimpe vipi, lakini hapo huwa keshamaliza kuandika na keshakwenda zake.

Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nyumba yangu iko Gombani, karibu na uwanja wa mpira kiasi kwamba siku za mechi makelele ya uwanjani huingia hadi jikoni. Kompyuta naijua kwa kuchapia mitihani na kujazia ripoti za wanafunzi, basi. Rejista, kwa asiyeijua, ni daftari kubwa lililofichwa tumboni mwa Windows, ambamo mashine imejiandikia kila inachojijua: nani anaruhusiwa kuingia, saa ikae pembe gani, kitufe kipi kitoe herufi gani. Ukifuta kitu humo unaulizwa mara moja tu kama una hakika. Ukisema ndiyo, kimekwenda. Hamna pipa la kwenda kukiokota.

Nimeingia humo mara mbili maishani mwangu. Mara ya kwanza niliingia nikitetemeka, nikatoka na mume wangu.

Mume wangu alikuwa mnadi wa samaki dikoni. Kazi yake ilikuwa mdomo. Boti zikishusha, yeye husimama juu ya jiwe, akashika changu mmoja mkiani na kuanza kumsifia hata anayemsikiliza akasahau kwamba amekuja kununua dagaa. Nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Alinadi chai yangu, alininadi mimi mwenyewe mbele ya wageni, "nani atanipunguzia mwalimu huyu, anasahihisha hata ndoto zangu," na mimi nikijitupia kanga usoni kwa haya. Kiharusi kilimkuta bafuni akitawadha kwa ajili ya Alasiri. Kilichukua upande wa kulia wote pamoja na ulimi. Akili kilimwachia nzima, na sijui kama ile ilikuwa rehema au adhabu, Mwenyezi Mungu anisamehe.

Tulijaribu kalamu kwa mkono wa kushoto, yakatoka makucha ya kuku. Tulijaribu simu, kidole kinatetemeka na herufi zenyewe punje za mtama. Halafu nikamwekea kompyuta yangu juu ya sinia mapajani, na hapo tukaona mwanga, kwa sababu vitufe vyake ni vikubwa. Tatizo likawa moja. Kitufe cha kufutia kiko mbali, juu kabisa kulia. Kila akikosea, na alikosea kila neno la pili, ilibidi auburute ule mkono mmoja juu ya kibodi nzima kukifuata, na njiani akabonyeza mengine yote. Siku ya tatu alilipiga sinia likaruka mpaka mlangoni. Mtu aliyekuwa akisikika diko zima, sasa hawezi kunambia kama anataka maji au anataka kugeuzwa.

Nikampigia simu fundi. Akanambia inawezekana, kitufe kimoja kinaweza kupewa kazi ya kingine, mfano kile cha herufi kubwa kilichoko kushoto kikageuzwa kuwa cha kufutia. "Lakini hiyo inafanywa ndani ya rejista, Mwalimu. Huko si pa mtu wa kawaida. Usijaribu, nitakuja mwenyewe." Nikangoja wiki tatu. Sikumlaumu, ana kazi zake, na siku aliyosema atakuja mvua ilimzuia, na siku nyengine mgonjwa wake mwenyewe. Lakini wiki tatu za mtu anayelia bila sauti ni nyingi.

Nikafungua video kwenye simu. Mgeni mmoja anazungumza mbiombio kama anayekimbizwa, mimi namsimamisha, narudisha, nanakili kwenye karatasi. Nikapiga bismillahi nikaingia. Folda ndani ya folda ndani ya folda. Nikaufikia mstari aliosema niuandike, nikauandika tarakimu mbili mbili huku mume wangu ananikodolea jicho lake la kushoto, lile lililosalimika. Nikaizima kompyuta, nikaiwasha, nikamwekea mapajani. Akaandika aaaa. Akakibonyeza kile cha herufi kubwa kwa kidole cha mwisho, zikafutika moja moja. Akanitazama. Halafu akaandika sentensi yake ya kwanza baada ya siku zote zile, na akaikosea na kuifuta na kuirudia mpaka ikawa sawa: "chai ino haina sukari".

Nililia mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Kwa hivyo siku ile kama ungeniuliza iwapo mtumiaji wa kawaida aiguse rejista, ningekucheka. Nani mwengine aiguse? Ningekwambia kwamba maonyo yale wameyaandika watu wenye fundi kila kona, kwa watu wenye fundi kila kona. Nilikuwa nimeingiwa na kiburi kidogo, na kiburi kile kilinikaa.

Tulizungumza miezi kumi na moja. Mimi kwa mdomo, yeye kwa kidole. Yote aliyaandika katika faili moja. Asubuhi namfungulia, anashuka mpaka chini na kuendelea pale alipoachia. Faili halikuwa na jina, tuliliacha na lile ambalo kompyuta yenyewe ililipa. Ukilisoma humo hulikuti swali langu hata moja, majibu yake tu, yamepangana kwenda chini kurasa kwa kurasa, hayana nukta wala herufi kubwa, maana kitufe cha herufi kubwa tulikwishakiua. "si leo", "mwambie kalala", "nkono wauma sio sana", "nnamnadi shehe kakaa tangu asubuhi nani amchukue". Hii aliiandika wakati mgeni wetu mwenyewe yuko pale kitini anatusomea dua ndefu, na mimi nikajifanya nimepaliwa na mate.

Mengine siyaandiki hapa. Ni maneno ya mtu na mkewe.

Lakini moja lazima niliseme, maana ndilo lililoniua. Hatukupata mtoto. Tulikaa miaka mingi, na miaka yote ile lawama ilikuwa yangu. Hakuna aliyenitukana, watu wa kwetu hawatukani. Wanakuletea dawa. Dada yake mume wangu, wifi yangu, alikuwa akija kutoka Kiuyu na majani ya kuchemsha na majina ya masheikh wa kuniombea, ananikalia karibu, ananishika goti kwa huruma. Ile huruma ilinichoma kuliko tusi. Siku moja baada ya Adhuhuri, mimi nikimkata kucha, mume wangu alivuta mkono akaanza kuandika. Aliandika muda mrefu. Kisha akaligeuza sinia upande wangu. Aliandika kwamba si mimi, ni yeye. Kwamba alipimwa Dar zamani akaambiwa, na akaniachia nibebe mimi. Na mwisho: "nkifa muonyeshe dada asome mwenyewe".

Mimi ni mtu wa hasira, sijifichi. Niliifunga kompyuta nikaiweka juu ya kabati, na sikuishusha kwa siku mbili. Nilimlisha, nikamwosha, nikamgeuza, na ulimi wake nikauacha juu ya kabati. Siku ya tatu nilipomrudishia, aliandika kwanza kabisa: "haya nimenyamaza siku mbili umeridhika". Nikacheka. Nikacheka na huku machozi yananitoka, nikamwambia bado. Tulipatana hivyo. Lakini zile siku mbili zimo ndani yangu mpaka sasa, kwa sababu hakubakiwa na siku nyingi, nami nilimnyang'anya mbili.

Alifariki asubuhi, uji uko mezani. Mstari wa mwisho wa faili ulikuwa: "wa moto ngoja".

Wifi akaja kutoka Kiuyu kukaa nami eda. Nisimdhulumu: alipika, alifua, alipokea wageni, na nilipokuwa siwezi kula alinikalia mpaka nimeze. Msiba wake ulikuwa mkubwa kama wangu, alimlea ndugu yake yule kwa mikono yake. Kila siku baada ya sala ya Alasiri nilikuwa nikifungua kompyuta chumbani na kusoma. Nilisoma majibu yake na kujisemea maswali yangu mwenyewe kimya kimya, na kwa nusu saa ile nyumba ilikuwa na watu wawili. Ile ndiyo nafuu yangu pekee. Sikuwa na nyengine.

Utaniuliza kwa nini sikumwonyesha wifi ule ukurasa siku ya kwanza, na marehemu aliniusia. Nilijiambia namhurumia, ana msiba. Nilijiambia ni stara, kwa sababu juu na chini ya maneno yale kuna ya chumbani ambayo dada wa mtu hastahili kuyaona. Yote mawili ni kweli. Lakini la tatu ndilo kubwa, nami sikuliungama hata kwenye sijda: nilitaka siku ya kutoka eda. Siku ile nyumba hujaa wanawake, wale wale wa majani na masheikh. Nilitaka asome mbele yao. Nilikuwa nimeiweka ile sentensi kama mtu aliyeweka nguo ya sikukuu, kila siku naitazama, nangojea kuivaa.

Sikuweka nakala. Maonyo yanasema weka nakala. Flashi niliyokuwa nayo ni ya skuli, inazunguka kwa walimu wote, leo kwangu kesho kwa mwalimu wa kemia. Nitie humo maneno ya mume wangu? Nilisema nitaweka baadaye, nikitoka, nikanunue flashi yangu.

Mwezi wa tatu wifi alinambia, kwa upole kabisa, "Wifi, mashine ino yakurudisha nyuma. Kutwa wakaa nayo chumbani kama ntu. Itoe sadaka, ende chuo cha Kurani, watoto wasomee. Kila herufi watakayosoma itamfikia huko aliko."

Alikuwa na haki, na nilijua watu wameanza kusema. Eda ni subira, si kujifungia na kompyuta. Na wazo lenyewe lilinigusa: chombo alichosemea yeye kiwasomeshe watoto. Nikakubali. Nikapanga yote kichwani, mimi hodari wa kupanga. Siku ya kutoka wifi atasoma. Kisha nitalichapisha faili zima skuli, peke yangu nimefunga mlango. Kisha kompyuta iende chuoni. Kilichobaki ni kile kitufe. Huwezi kutoa sadaka kitu kina kilema, mtoto akabonyeza herufi kubwa maneno yake yakafutika. Lazima nikirudishe kuwa kama kilivyoumbwa. Na kwa kuwa fundi haingii kwa kizuka, na mimi nilishawahi kuifanya kazi ile, na niliifanya vizuri, sikuona sababu ya kumsumbua mtu.

Ilikuwa asubuhi, jua kali, wifi uani anamenya muhogo. Sikuirudia video. Sikuitafuta hata ile karatasi yangu. Mara ya kwanza niliogopa nikaokoka, mara ya pili sikuogopa. Niliingia rejista, folda ndani ya folda, nikaifikia ile ya kibodi. Sasa, mara ya kwanza nilichoandika kilikuwa mstari mmoja tu ndani ya folda iliyokuwapo tayari tangu mashine ilipotengenezwa. Nilitakiwa niufute ule mstari mmoja. Lakini kichwa changu, baada ya yote yaliyopita, kilikuwa kinakumbuka kwamba folda ile niliijenga mimi. Niliiona nikasema hii hapa, yangu. Nikaifuta nzima. Chini yake kuna nyengine inayofanana nayo, nayo inahusu kibodi. Nikasita. Ipi hasa ilikuwa yangu? Nikaona nisibakishe uchafu, nikaifuta na hiyo. Niliulizwa kama nina hakika, nikasema ndiyo, mara mbili.

Nikaizima, nikaiwasha. Ikaja pahala pa kuandika neno la siri. Nikabonyeza, hapakutokea kitu. Nikabonyeza herufi zote, moja moja, kwa zamu, kama anayekagua meno ya mtoto. Kimya. Nikaizima tena, nikaiwasha tena, sijui mara ngapi. Faili limo humo ndani, zima, halina hata mkwaruzo, na mimi niko nje ya mlango niliouziba kwa mikono yangu.

Wifi aliingia akanikuta nimekaa chini. Nikamwambia kompyuta imekufa. Akasema, "Basi ndio ulie hivyo? Kesho naenda sokoni, ntampelekea fundi." Akaifunga ndani ya kanga, akaitia kikapuni.

Siku ya pili, kabla ya Adhuhuri, alinipigia simu yuko dukani kwa fundi. "Fundi auliza kuna kitu chochote ndani cha kuwekwa?"

Nataka mtu aielewe ile sekunde. Anayeuliza ni wifi. Nikisema kuna faili, ataniuliza faili la nini. Nikisema la ndugu yako, atataka kuliona, na atalionea wapi kama si pale pale dukani, juu ya meza ya mwanamume, na wateja wamesimama. Maneno yangu na mume wangu. Aibu ya mume wangu, aliyoificha umri wake wote, inasomwa na mtu anayeshika bisibisi. Na siku yangu ile niliyoipanga inaharibika. Na mimi, kwa ujinga wangu, nilidhani kazi yenyewe ni vitufe tu. Nilidhani atarudisha vitufe, basi. Sikujua kwamba swali lile huulizwa pale tu mtu anapotaka kufuta.

"Hamna kitu," nilisema.

Nikamsikia fundi kwa nyuma, "Muulize vizuri."

"Wifi, asema nikuulize vizuri."

"Hamna kitu ndani. Mambo ya skuli tu, ninayo kwengine."

Ilirudi jioni hiyo hiyo. Wifi ana furaha, anaifungua kanga kama aliyeleta zawadi. "Imekuwa mpya!" Ilikuwa mpya kweli. Haikuuliza neno la siri. Ikafunguka na picha ya milima ya nchi za watu, yenye theluji juu. Nilitafuta. Nilitafuta kwenye kila pembe ya mashine ile, nikaandika kila neno nililokumbuka katika pahala pa kutafutia, sukari, sinia, shehe, ngoja. Fundi alikuwa amepiga Windows mpya, na mafundi wetu wakipiga Windows mpya husafisha yote kwanza, wakaanza upya kama nyumba iliyobomolewa hadi msingi.

Nikampigia mwenyewe. Kwa simu kizuka anaweza kusema na fundi, na hilo pia ningeweza kulifanya tangu mwanzo, nisingepitisha neno langu kwa mtu. Nikamuuliza kama kuna njia ya kulirudisha faili. Alikuwa mstaarabu, alijaribu kunieleza taratibu. Akasema keshaandika juu yake, haliko. Kisha akasema, bila ya nia mbaya, "Ungalinambia tu, Mwalimu. Kuharibika kwa rejista si kitu. Faili lilikuwamo. Ningeitoa ile diski nikakunakilia, dakika kumi. Lilikuwa la nini?"

"La skuli," nikasema.

"Ah, la skuli utaliandika upya."

Nilikaa kitandani na simu mkononi. Siwezi kueleza vizuri nilivyojiona. Alipokufa yeye nililia nikachoka, na uchovu ule ulikuwa na usingizi ndani yake. Safari hii sikulia hata kidogo. Nilikuwa nimemzika mara ya pili, tena kwa hiari yangu, na hakuna hata mtu mmoja wa kuja kunipa pole, kwa sababu hakuna aliyejua kwamba kuna msiba.

Siku zilizobakia za eda nilizitumia kumkumbuka kwa kalamu. Nilichukua daftari nikajaribu kuyaandika maneno yake. Nilidhani nayajua, nimeyasoma kila siku. Lakini yanapotoka kwangu yanatoka yamenyooshwa, yana nukta, yana herufi kubwa, ni Kiswahili cha ubaoni. Nilimsahihisha hata baada ya kufa. Ule ukurasa mkubwa nimeuandika mara nyingi na kila mara ni mwengine. Alisema "nkaona haya" au alisema "nkaogopa"? Hayo mawili si neno moja. Mwenye haya alinipenda akaaibika mbele yangu. Mwenye hofu alidhani nitamwacha. Miaka yote ya ndoa yangu inategemea lipi kati ya hayo mawili aliandika, na mimi sijui, na sitajua.

Siku ya kutoka eda wanawake walijaa, kama nilivyokuwa nimepanga. Nikaoga, nikavaa, nikafukizwa udi. Sikuwa na kitu cha kumpa mtu asome. Nilingoja wakaondoka wote, tukabaki mimi na wifi jikoni tunaosha sahani, na nikamwambia kwa mdomo. Nikamwambia taratibu, yote, alivyoandika, na alivyoniusia nimwonyeshe.

Aliacha kuosha. Akafuta mikono kwenye kanga. "Yako wapi hayo maneno, wifi?"

"Yamefutika. Siku ile uliyoipeleka kompyuta."

Alinitazama bila ya hasira, na ningependa angekuwa na hasira. "Miye si ndiye nliyekuuliza siku ile? Nkakuuliza mara mbili. Weye ukasema hamna kitu." Halafu akanishika mkono, na ulikuwa bado wa baridi kwa maji. "Ndugu yangu hayupo akajisemea, wifi. Tusimseme."

Nimelifikiria sana lile swali la maonyo, kama mtumiaji wa kawaida aiguse rejista mwenyewe. Walimu wenzangu huniuliza pia, wakijua niliwahi kuhamisha kitufe, wananiona mtaalamu. Huwa siwajibu. Kwa kuigusa nilipewa mume wangu miezi kumi na moja, na kwa kuigusa nilifungiwa mlango, na mlango ule fundi angeufungua kwa dakika kumi. Rejista haikuchukua zaidi ya vitufe. Yaliyobakia niliyatoa mimi, kwa ulimi wangu mzima usio na kiharusi.

Asubuhi iliyofuata, wifi alikuwa anarudi Kiuyu, na kompyuta ataipitisha chuoni njiani. Niliiwasha mara ya mwisho wakati anafunga mizigo yake. Nikafungua ukurasa mtupu, nikaandika swali nililokuwa nikimuuliza kila asubuhi: Umelala vizuri? Nikakaa mbele yake. Halafu nikaona ni wazimu, nikataka kulifuta kabla wifi hajaingia. Kidole changu kikaenda chenyewe kwenye kile kitufe cha kushoto nilichokizoea. Hakikufuta. Kiliwasha taa ndogo ya kijani, na swali likabaki pale pale.

Wifi akasimama mlangoni na kikapu chake. "Nichukue? Au kuna kitu wataka kutoa kwanza?"

Nikaizima nikampa. Nikamwambia achukue tu, hamna kitu ndani.